Siri ya Mtungi Aijuaye Kata: Rusinga, Bunduki za Haramu na Sauti za Wenye Nyumba

Katika kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, lipo kaburi ambalo wageni wengi hupelekwa kulizuru. Ni kaburi la Tom Mboya, waziri wa serikali ya Kenya aliyepigwa risasi mjini Nairobi mchana wa tarehe 5 Julai 1969, akitoka dukani. Waliojenga jengo linalolifunika kaburi hilo walilipa umbo la risasi, ili asiyejua kusoma naye apate kujua mwenyewe alikufaje. Watoto wa Rusinga hukua wakiliona umbo hilo. Kabla hawajalijua jina la marehemu, wamekwisha kuelewa kwamba chuma kidogo kuliko kidole kinaweza kumwacha mke mjane, watoto mayatima na nchi nzima katika msiba.

Hofu ya bunduki katika visiwa hivyo leo haina mengi ya kuhusiana na siasa za Nairobi. Ni hofu ya usiku na ya maji. Wavuvi wa Ziwa Victoria, wawe wa Kenya, wa Uganda au wa Tanzania, wamelalamika kwa miaka mingi juu ya majambazi wenye silaha wanaowavamia ziwani, wakawapokonya injini, nyavu na samaki, kisha wakatokomea gizani. Na bunduki haibaki majini. Hufika nchi kavu, ikalala chini ya kitanda au darini, ndani ya nyumba yenye mama na watoto.

Basi hoja ya makala hii ni moja. Silaha za haramu haziondoki katika jamii kwa nguvu peke yake. Huondoka pale wanaoishi nazo wanapoulizwa kwanza, wakasikilizwa kwa amana, wakalindwa, kisha wakarudishiwa majibu. Na katika watu wa kuulizwa, wa mbele ni wanawake, kwa sababu siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Sisi na Rusinga tuna nini?

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema kwamba Rusinga ni mbali, na kwamba kila mtu na abebe mzigo wake. Lakini bunduki haijui mipaka ya kaunti, na sisi watu wa Pwani tuna kumbukumbu yetu wenyewe.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la watu lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likawaua askari sita na kuondoka na bunduki zaidi ya 40. Yaliyofuata wengi wetu tunayakumbuka. Nyumba zilichomwa, watu zaidi ya 100 waliuawa, na makumi ya maelfu wakayahama makazi yao. Miongoni mwa waliokimbia walikuwamo watu wa kutoka ziwani, Waluo waliokuwa wamekaa Likoni kwa miaka, wakifanya kazi bandarini na kusomesha watoto wao pamoja na wetu. Wengine walirudi kwao wakiwa na mabunda ya nguo tu. Kisha ikaja misako ya polisi, na vijana wengi wa Likoni na Kwale wakakamatwa, wenye hatia na wasio na hatia. Mama wa huku alilia, na mama wa kule alilia.

Kwa hiyo tunapolizungumza jambo la Rusinga hatuyazungumzi ya watu wengine. Wavuvi wa Homa Bay na wavuvi wa Vanga, Shimoni au Faza wanaifahamu hofu ileile ya mume aliyetoka na chombo usiku na hajarejea hadi jua limepanda.

Bunduki hizo hutoka wapi?

Ziwa Victoria limegawanywa baina ya nchi tatu, na Kenya ina sehemu ndogo tu, kama asilimia 6. Samaki hawaujui mpaka huo, na mvuvi akimfuata sangara hujikuta ameuvuka bila kukusudia. Upande wa Kaunti ya Migori kipo Migingo, kisiwa cha mawe kisichofika hata nusu hekta, ambacho Kenya na Uganda zimekuwa zikikigombania tangu katikati ya miaka ya 2000. Mahali ambapo haijulikani vyema ni askari wa nani mwenye mamlaka, mnyang'anyi hupata nafasi.

Zipo pia sababu za kihistoria. Vita vya Kagera baina ya Tanzania na utawala wa Idi Amin vilianza Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka Aprili 1979. Katika vurugu za kuanguka huko, ghala la silaha la kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, liliporwa, na bunduki zikaenea miongoni mwa wafugaji wa Karamoja. Upande wa kusini, watafiti walioishi na Wakuria wa Tarime wameandika kwamba baadhi ya silaha za vita hivyo zilifika pia kwao. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa mishale na mikuki, ukageuka kuwa wizi wa bunduki. Wakuria wako pande zote mbili za mpaka, Tarime ya Tanzania na Kaunti ya Migori ya Kenya, na kutoka huko hadi ufuoni si safari ndefu.

Ni bunduki ngapi ziko mikononi mwa raia wa Kenya? Mwaka 2012 ofisi ya taifa inayoratibu udhibiti wa silaha ndogondogo, ikishirikiana na taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey ya Geneva, ilitoa makadirio ya baina ya 530,000 na 680,000. Muhimu kwetu zaidi ya hesabu ni jinsi ilivyopatikana. Watafiti walibisha hodi majumbani, wakawauliza watu wa kawaida wanaona nini, wanasikia nini na wanaogopa nini. Serikali yenyewe ilikiri kwa kitendo hicho kwamba bunduki isiyo na leseni haimo katika daftari lolote, na kwamba anayeweza kuisemea ni jirani.

Tarehe 15 Novemba 2016 serikali ilizichoma moto huko Ngong silaha 5,250 zilizokuwa zimekamatwa au kusalimishwa. Ni kazi ya kushukuriwa. Lakini tukizilinganisha na makadirio hayo, tunaona kwamba kilichochomwa hakikufika hata moja katika mia.

Injini moja, nyumba nzima

Ili tuelewe kwa nini wanawake wa Rusinga wana haki ya kuulizwa, tuangalie riziki ya kisiwa inavyopatikana.

Dagaa, ambao wenyewe huwaita omena, huvuliwa usiku wa giza usio na mbalamwezi. Wavuvi huweka taa juu ya maji, dagaa wakavutwa na mwanga, kisha wavu ukawazunguka. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, na sasa nyingi ni za betri na za jua. Taa hiyohiyo inayomwita samaki humwonyesha na jambazi mahali mashua ilipo. Mvuvi hana pa kujificha, maana akiizima taa ameizima na riziki.

Alfajiri mashua zinaporudi, wanawake huwa wamekwisha kufika ufuoni na ndoo na mabeseni. Wao ndio wanunuzi, waanikaji na wauzaji. Wengi hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko, wakipita njia za miguu na fedha za mtaji zimefungwa kiunoni. Mnyang'anyi naye anajua saa hizo na njia hizo.

Injini ikiporwa, mwenye mashua amepoteza mali ya miaka mingi, na mara nyingi deni lake halijakwisha. Mabaharia wake hawana kazi. Mwanamke aliyezoea kununua kutoka mashua ile hana samaki wa kuanika, na karo ya shule inasimama. Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo aghalabu halisemwi hadharani, nalo ni ile mila mbaya ya fukwe za ziwa hilo iitwayo jaboya, ambapo mwanamke asiye na uwezo hutakiwa kuutoa utu wake ili auziwe samaki. Kadiri mashua zinavyopungua ndivyo mwanamke anavyobanwa, na maradhi yaliyotokana na hali hiyo yamezijaza nyumba za Homa Bay mayatima.

Mwanamume akiulizwa juu ya usalama, huenda akataja injini. Mwanamke akiulizwa, atataja njia ya alfajiri, deni, binti anayetumwa ufuoni na kijana aliyeanza kurudi usiku wa manane na fedha zisizojulikana zilikotoka. Yote mawili ni kweli, lakini la pili halisikiki katika mkutano ambao wanaume wameketi mbele na wanawake wamesimama nyuma na watoto mgongoni.

Kuliko kuuliza, walivunja

Nchi yetu imekwisha kujaribu njia ya kutouliza. Februari 1984, huko Wajir, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla kwa madai ya kuwanyang'anya silaha. Waliwekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilitaja watu 57. Wenyeji walihesabu maiti zao kwa mamia, na wengine walisema ni maelfu. Hata leo zipo nyumba za Wajir ambazo Februari ni mwezi wa kuomboleza.

Je, silaha zilikwisha? Hazikwisha. Miaka minane baadaye, dola ya Somalia ilipoanguka na bunduki zikawa zinauzwa kwa bei ya chini, koo za Wajir zilikuwa zikiuana tena. Aliyepokonywa kwa dhuluma haoni kwamba amepata amani. Huona kwamba ameachwa mtupu mbele ya adui, na mara apatapo nafasi hutafuta bunduki nyingine na kuificha vizuri zaidi.

Wanawake wa soko la Wajir

Katika Wajir hiyohiyo, wanawake walionyesha njia nyingine. Mapigano ya koo yalipofika sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, muuzaji wa ukoo huu akawa hamuuzii wala hanunui kwa mwenzake wa ukoo ule. Kundi dogo la wanawake, miongoni mwao mwalimu kijana aitwaye Dekha Ibrahim Abdi, wakakaa pamoja wakaulizana: tutaanza na nini? Hawakuanza na bunduki. Walianza na soko. Waliweka watu wa kuangalia kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, anauza na kununua kwa amani, na likitokea jambo likaamuliwa siku ileile.

Soko lilipotulia, wakawaendea wazee. Hawakwenda kwa kuamrisha. Walikwenda kwa kuuliza na kusikiliza, na wakawaomba wazee wa koo ndogo zisizohusika na ugomvi wawe wasuluhishi. Septemba 1993 wazee wakatia sahihi mapatano yaliyojulikana kama Azimio la Al-Fatah. Vijana wakavutwa na kutafutiwa shughuli. Polisi na maofisa wa wilaya wakakubali kukaa meza moja na wenyeji. Mwaka 1995 kamati ile ikaingizwa rasmi katika mipango ya maendeleo ya wilaya, na mfano wake ukaigwa katika wilaya nyingine za Kenya.

Bi. Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007, na akafariki dunia mwaka 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Fundisho walilotuachia yeye na wenzake ni kwamba usalama huanzia pale mwanamke anapopajua vizuri kuliko askari. Wajir palikuwa sokoni. Rusinga huenda pakawa ufuoni, alfajiri.

Nje ya Kenya upo mfano wa Timbuktu, nchini Mali. Baada ya miaka ya vita baina ya serikali na wapiganaji wa kaskazini, ilifanyika mikutano mingi ya wenyeji, Watuareg na Wasonghai na wengineo, wakizungumza juu ya malisho, masoko na njia za misafara. Baada ya mashauri hayo, tarehe 27 Machi 1996 bunduki zipatazo 3,000 zilichomwa moto hadharani mjini humo. Moto huo ulikuwa wa mwisho katika mlolongo wa mambo, na lililotangulia lilikuwa mazungumzo.

Onyo kutoka Kuria

Katika Kaunti ya Migori nako lipo fundisho, ingawa lina pande mbili. Wakuria wana baraza lao la asili liitwalo iritongo, ambapo watu wa jamii hukutana kujadili maovu yanayowasumbua. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ulipokuwa umevuka mpaka, baadhi ya jamii za huko ziliuhuisha utaratibu huo pamoja na kikundi cha ulinzi cha sungusungu, kwa kuiga jirani zao wa Tanzania. Watu walikusanyika, wezi waliojulikana wakatajwa, na katika sehemu kadhaa wizi ulipungua kwa kiasi kikubwa.

Lakini kutaja jina hadharani ni upanga wenye makali kuwili. Wapo waliopigwa kabla ya kuthibitika kosa, na wapo waliotajwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba au wivu. Mashauri yakigeuka kuwa hukumu ya umati, yamekwisha kuwa dhuluma nyingine. Ndiyo maana tunasema kuuliza ni elimu, na kuna adabu zake.

Adabu za kuuliza

Ya kwanza, wanaoulizwa waketi na wenzao. Wanawake wawe na kikao chao, chenye mwanamke mwenzao wa kuandika. Vijana nao, wavuvi nao, wazee nao. Kisha yaliyosemwa yaletwe pamoja bila kutaja nani kasema nini. Binti hawezi kusema mbele ya mjomba wake kwamba anamwogopa rafiki wa mjomba.

Ya pili, swali lisiwe "Nani ana bunduki?" Swali hilo humtia mtu hatarini, na jibu lake mara nyingi ni kimya. Yapo maswali yasiyomtaja mtu na yenye faida zaidi. Ni njia gani mnaiogopa, na saa ngapi? Ni ufuo gani mashua ngeni hutia nanga usiku? Injini zilizoibwa huuzwa wapi? Polisi wakiitwa hufika baada ya muda gani? Mkipata habari, mnamwamini nani kumwambia? Majibu ya maswali hayo yakikusanywa, huchora ramani ya hatari ambayo hakuna askari mgeni angeweza kuichora.

Ya tatu, msemaji alindwe. Kenya ina sheria ya kuwalinda mashahidi tangu mwaka 2006, lakini ulinzi wa kwanza ni ulimi wa anayepokea habari. Chifu, imamu, mchungaji au mwenyekiti wa ufuo akilivujisha jina moja, mlango umefungwa kwa miaka kumi.

Ya nne, waulizaji warudi na majibu. Hakuna kinachowachosha watu kama kuhojiwa kila mwaka na mgeni mpya, wakaandikwa na kupigwa picha, kisha wasisikie tena neno. Kama wanawake walisema njia ina giza, waje waambiwe ni lini taa itawekwa, au kwa nini haiwezekani.

Milango ambayo sheria imeifungua

Sheria za Kenya zinaiunga mkono njia hii. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, imeuhesabu ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 imeweka kamati za polisi na jamii, na katika kila kaunti mamlaka ya usalama ambayo mwenyekiti wake ni gavana au mjumbe wake, na ambamo wanawake, vijana na jumuiya za dini wana nafasi zao. Katika kaunti nyingi mamlaka hizo zimechelewa kuundwa, na wananchi wana haki ya kuuliza kwa nini.

Upo pia mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa Kenya mwaka 2013 kwa kuiga utaratibu wa Tanzania. Ufuoni vipo vikundi vya usimamizi vijulikanavyo kwa herufi BMU, ambavyo vimewekewa kanuni tangu mwaka 2007 na ambavyo wanawake wachuuzi wa samaki wanaruhusiwa kuwa wanachama na viongozi. Kikosi cha walinzi wa pwani, kilichozinduliwa hapa kwetu Liwatoni, Mombasa, Novemba 2018, kina wajibu wa Ziwa Victoria kama kilivyo na wajibu wa bahari. Na askari akimdhulumu mwananchi, ipo IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ambayo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Milango hii ikibaki kwa wanaume peke yao, au kwa wanasiasa, itakuwa kama haikufunguliwa.

Mama mwenye siri

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote. Yupo mama, awe Rusinga, Likoni au penginepo, ambaye siku moja anafagia chumba cha mwanawe, akagusa kitu kigumu kilichofungwa ndani ya gunia. Analijua ni nini. Tangu saa ile halali.

Akisema, anaogopa kwamba mwanawe atafungwa miaka mingi, maana sheria ya silaha ni kali, na kwa baadhi ya silaha za kivita adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Anaogopa pia kwamba huenda asifike hata mahakamani. Akinyamaza, anajua kwamba iko siku mama mwingine ataletewa maiti. Majirani humlaumu kwa urahisi: alikuwa akijua. Lakini sisi tumempa mlango gani wa kupitia?

Mashauri ya jamii yana thamani hapa kuliko pengine popote. Jamii iliyokwisha kukaa, ikakubaliana na polisi juu ya njia salama ya kusalimisha silaha, humpa mama huyo pa kwenda. Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara nyakati za msamaha kwa wanaorejesha silaha kwa hiari. Nyakati hizo zitangazwe misikitini, makanisani, sokoni na ufuoni, kwa lugha ya mama na si kwa barua ya Kiingereza iliyobandikwa mlangoni mwa ofisi. Na awepo mtu wa kuaminika wa kwenda pamoja na familia, awe mzee, imamu au wakili, ili kijana aliyerudisha silaha afike akiwa salama na kusikilizwa kwa haki.

Na ukiikuta silaha nyumbani, ewe mama, usiiguse wala usiihamishe, wala usimtume mtoto kuitupa ziwani au baharini. Watoe watoto katika chumba hicho. Usimkabili kijana peke yako usiku. Tafuta mtu mmoja mwenye busara na amana, umweleze, kisha mwende pamoja kwenye mamlaka. Ikiwa kuna hatari ya papo hapo, nambari za dharura ni 999 na 112.

Sisi Waislamu hatuwezi kusema kwamba kumshauri mwanamke katika jambo la umma ni jambo geni. Katika mwaka wa sita wa Hijria, siku ya Hudaibiya, masahaba walipolemewa na huzuni hata wakachelewa kutekeleza agizo, Mtume (s.a.w.) aliingia kwa mkewe Ummu Salama (r.a.) akamweleza. Naye akamshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyoe nywele. Akafanya hivyo, na watu wote wakamfuata. Mzozo ambao ungeweza kuleta fitina ulitulizwa kwa ushauri wa mwanamke aliyeulizwa na akasikilizwa. Kadhalika tumefundishwa kwamba haifai mtu kumwelekezea nduguye chuma hata kwa mzaha. Basi vipi kukilaza chumbani wanamolala watoto?

Yaliyo mikononi mwetu

Yapo mambo ambayo familia zinaweza kuyaanza wiki hii bila kungoja mradi wala mfadhili. Kina mama wa darsa na wa vyama vya kuwekeana akiba wanaweza kutenga saa moja ya kikao chao wakajiuliza yale maswali ya hatari: njia gani, saa ngapi, kwa nini. Waandike majibu bila majina, na wawachague wawili wa kuyapeleka kwa chifu na kwa kamati ya polisi na jamii, kisha warudi na jibu. Wenye ndugu na marafiki ziwani, Mbita, Rusinga, Mfangano au Migori, wawapelekee fikra hii, nao watuletee zao, kwa kuwa wao wameonja mambo ambayo huku hatujayaonja.

Kina baba nao wana wajibu wao. Mwanamume anayesema katika baraza kwamba wanawake wa nyumba yake wameridhika, na hakuwauliza, amesema asilolijua. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Serikali ina bunduki zake, magari yake na mashua zake za doria, na hayo yote yanahitajika. Lakini haijui ni gunia gani limefungwa upya usiku wa jana, wala ni mashua gani iliyozima taa ilipopita karibu na kisiwa. Hilo linajulikana na mtu anayeanika dagaa ufuoni na aliyeshinda nalo moyoni kwa siku tatu. Aulizwe kwa heshima, na anayemuuliza awe tayari kumlinda.